Waya umeukaba mwembe wangu, mbona umezaa kuliko miaka yote?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina mwembe dodo nyuma ya nyumba huku Mkuranga, una kama miaka kumi na miwili. Zamani tulifunga waya wa kuanikia nguo kwenye shina lake, usawa wa kifua, tukausahau. Sasa waya umezama ndani ya gome na juu yake shina limevimba kuzunguka lote. Msimu uliopita mti ulizaa maembe mengi kuliko miaka yote, tena matamu. Lakini tangu tuvune, majani yanageuka manjano na matawi mawili ya juu yameanza kukauka nchani. Fundi mmoja ameniambia waya umeziba maji yasipande, nimwagilie zaidi. Jirani anasema mti umeishiwa nguvu kwa kuzaa, niumwagie maji ya sukari shinani. Mwingine anasema waya ndio uliouzalisha, niifunge na miembe yangu mingine miwili. Nimsikilize nani? Na je, mti utapona?"*

Marahaba. Kwanza ya haraka: ukate waya huo wiki hii, usiifunge miembe mingine, na sukari yako ibaki jikoni. Kama mti utapona au la, hilo linategemea jambo moja ambalo hukulitaja, nalo ni hali ya gome hapo waya ulipopita na chini yake. Nitakuonyesha namna ya kulikagua. Lakini ni vizuri kwanza uelewe kinachotokea ndani ya shina, kwa sababu washauri wako wote watatu wameona dalili za kweli, ila kila mmoja amezisoma kivyake.

Tuanze na fundi. Waya haujaziba maji. Maji na madini ya udongoni hupanda kupitia ndani ya mbao yenyewe, katika mirija iitwayo zailemu, na mbao hiyo iko ndani zaidi ya pale waya ulipouma. Kama maji ndiyo yangezibwa, usingesubiri mpaka baada ya mavuno kuona matatizo. Majani yangenyauka mapema, na maembe yangedondoka yakiwa machanga. Wewe umevuna maembe mengi na matamu, na sehemu kubwa ya embe ni maji. Ina maana maji yalikuwa yanapanda msimu mzima.

Kilichozibwa ni njia ya kushuka. Ukibandua gome la mwembe utakuta upande wa ndani kuna tabaka laini, lenye unyevunyevu, linaloshikana na mbao. Humo ndimo ilimo floemu, mirija inayobeba sukari kutoka kwenye majani kwenda sehemu nyingine zote za mti. Tabaka hilo ni jembamba mno, na liko nje ya mbao. Ndiyo maana mbuzi akitafuna gome, au mtu akichuna gome la mwarobaini kuzunguka shina zima ili apate dawa, mti unaweza kufa hata kama mbao yake haikuguswa. Waya wako umefanya kazi ileile polepole: shina lilikuwa linanenepa kila mwaka, waya haulegei, na floemu iliyobanwa katikati ikaendelea kupondeka.

Hapa kuna imani moja ambayo wengi tumekua nayo, kwamba mti hupata chakula chake ardhini. Hapana. Ardhini mti hupata maji, naitrojeni, potasiamu, na madini mengine. Sukari yote, na karibu uzito wote mkavu wa mti, mbao, gome, mizizi na kokwa, hujengwa kutokana na hewa ya ukaa ambayo majani huinasa kwa msaada wa jua. Mizizi haina jua. Inaishi kwa kutegemea kinachoshushwa kutoka juu, kila siku, masika na kiangazi. Mzizi usioletewa sukari hauwezi kukua, hauwezi kufyonza naitrojeni ipasavyo, na mwishowe hauwezi hata kujitunza usioze.

Je, sukari inashukaje? Watu wengi hudhani inateremka kwa uzito wake, kwa kuwa inatoka juu kwenda chini. Si hivyo, na ushahidi unao mwenyewe: maembe yako yalining'inia nchani mwa matawi, mengine juu ya majani yaliyoyalisha. Katika kiazi kinachochipua, sukari hutoka ardhini na kupanda kwenye machipukizi. Floemu haina juu wala chini. Ina mahali penye sukari nyingi na mahali panapoitumia.

Ndani ya jani, sukari inayosafirishwa huwa hasa sukrosi, ileile unayotia kwenye chai. Seli ndogo zilizo ubavuni mwa mirija ya floemu, zinazoitwa seli sindikizi, hutumia nguvu kuisukuma sukrosi iingie kwenye mirija mpaka iwe nyingi kuliko ilivyo kwenye seli za jirani. Mirija yenyewe imejengwa na seli za ajabu kidogo. Ziko hai, lakini zinapokomaa hupoteza kiini na karibu vitu vyote vya ndani ili njia iwe wazi, na kuta zinazozitenganisha huwa na matundu kama ya chekecheo. Kazi ya kuziweka hai inabebwa na seli sindikizi.

Sukari ikishajazana humo, maji hufuata. Umeshaona ukitia chumvi kwenye nyanya za kachumbari, baada ya muda bakuli linajaa maji? Maji huhama kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na nyingi. Sukari hufanya vivyo hivyo: maji yanatoka kwenye zailemu ya jirani, yanaingia kwenye floemu iliyojaa sukari, na kwa kuwa mirija ina kuta imara, presha inapanda. Presha hiyo si ndogo. Mara nyingi huwa kati ya megapaskali 0.5 na 2, yaani mara tano hadi ishirini ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Upande wa pili, kwenye embe linalokua au kwenye ncha ya mzizi, sukari inatolewa ili itumike au ihifadhiwe, maji yanaifuata kutoka, na presha inashuka. Kati ya presha kubwa na presha ndogo, utomvu mzima unasogea wenyewe, maji na sukari pamoja, kwa mwendo ambao katika mimea mingi hukaribia mita moja kwa saa. Mti haulipii safari yenyewe. Unalipia kupakia tu, na wakati mwingine kupakua.

Maelezo haya yalitolewa na Mjerumani Ernst Münch mwaka 1930, na kwa miongo mingi yalikuwa na wapinzani, hasa kuhusu miti mirefu: je, presha inatosha kusukuma utomvu kupita matundu yote hayo kwa umbali mkubwa? Mwaka 2016 Michael Knoblauch na wenzake walichapisha vipimo vya mmea mmoja unaotambaa, wa jamii moja na kiazi vitamu, ambao waliuachia ukue hadi mita 7.5. Wakakuta kwamba mmea ukirefuka, mirija yake hupanuka na presha yake hupanda, kiasi cha kutosha kusukuma utomvu. Mimi nakubaliana na Münch. Lakini ni haki kusema kwamba jinsi kila aina ya mti inavyopakia sukari ina tofauti zake, na si kila mti husafirisha sukrosi peke yake. Mparachichi, kwa mfano, hubeba pia sukari zenye kaboni saba, ambazo ni nadra sana katika mimea mingine.

Kama unataka kuuona utomvu huu kwa macho, huna haja ya maabara, wewe mtu wa Pwani. Mgema anapolikata panda la mnazi kila asubuhi na jioni, kinachodondoka kwenye kibuyu ni utomvu wa floemu uliokuwa ukielekea kwenye maua na nazi. Ni mtamu kwa sababu una sukrosi nyingi, mara nyingi zaidi ya gramu 12 katika kila mililita 100, na huanza kuchachuka papo hapo kwa sababu hamira za hewani zinaipenda sukari hiyo. Wadudu nao wanalijua hilo tangu zamani. Vidukari na vidugamba huchomeka mrija wa mdomo kwenye mrija mmoja wa floemu, na presha ya mmea ndiyo inayowalisha. Mwaka 1953 watafiti Kennedy na Mittler walimkata kidukari akiwa anakula, wakaacha mdomo wake umechomekwa, na utomvu ukaendelea kutoka wenyewe. Wadudu hao hupata sukari kuliko wanavyohitaji, hivyo hutoa ya ziada nje ya mwili, na ule weusi wa masizi unaouona juu ya majani ya mwembe ni ukungu unaoota juu ya sukari hiyo.

Sasa turudi kwenye shina lako. Karne ya 17, Mwitalia Marcello Malpighi alichuna pete ya gome kwenye miti na kuona kwamba sehemu ya juu ya pete inavimba, na ya chini haivimbi. Uvimbe wako ni huo huo. Sukari ilishuka kutoka kwenye majani, ikafika kwenye waya, ikakosa pa kupita. Ikajikusanya, na gome na mbao za hapo zikanenepa kwa chakula kilichokuwa cha mizizi. Miaka ya 1920, Mason na Maskell, wakifanya kazi Trinidad kwenye mashina ya pamba, walichuna magome na kupima sukari juu na chini, wakaonyesha kwamba sukari husafiri ndani ya gome wala si ndani ya mbao.

Na mavuno makubwa je? Hayo ndiyo yaliyokudanganya, na yamewadanganya wengi. Njia ya kwenda chini ilipoziba, sukari iliyokuwa iende kwenye mizizi ilibaki juu, na huko juu wateja walikuwa maua na maembe. Machanga mengi ambayo kwa kawaida mti huyaangusha yalipata chakula na kubaki. Watafiti wa kisiwa cha Réunion hutumia mbinu hiyo kwa makusudi: huchuna pete kwenye tawi la mwembe ili tawi lijitegemee, kisha hupunguza au kuongeza idadi ya majani kwa kila embe. Maembe yenye majani mengi ya kuyalisha huwa makubwa zaidi. Mwembe wako wote uligeuka kuwa tawi la namna hiyo. Majani yote yalikuwa yanafanyia kazi maembe, na mizizi ikala akiba yake.

Akiba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mti haukufa mara moja. Mizizi ya mwembe huweka wanga, na mti mzima wa miaka kumi na miwili unaweza kuitumia kwa muda mrefu. Mti uliochunwa pete nzima huweza kuonekana mzima kwa miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka. Wanga ukiisha, mizizi midogo inayofyonza maji hufa ya kwanza. Ndipo majani yanageuka manjano na ncha za matawi ya juu zinakauka, kwa kuwa hizo ziko mbali zaidi na maji. Yaani fundi wako ana sehemu ya ukweli: sasa hivi mti huenda unakosa maji kweli. Lakini anayekosa kuyapandisha ni mizizi yenye njaa, na kumwagilia zaidi udongo ambao mizizi yake ni dhaifu ni kuiozesha. Mwagilia kwa kiasi wakati wa kiangazi, udongo ukikauka vidole viwili chini. Usizidishe.

Maji ya sukari nayo ni wazo lenye nia njema. Jirani yako ameelewa kwamba mti una upungufu wa sukari, na hapo yuko sahihi kuliko wengine wote. Tatizo ni mahali anapotaka kuiweka. Mizizi inaweza kufyonza sukari kidogo sana kutoka udongoni, lakini vijidudu vya udongo na sisimizi huifikia kwanza, na ukiweka nyingi utafanya kama chumvi kwenye nyanya: udongo utavuta maji kutoka kwenye mizizi. Zaidi ya hapo, ukihesabu majani ya mwembe mkubwa na jua la Mkuranga, sukari unayoweza kununua dukani ni kidogo mno kulinganisha na ile ambayo mti unaitengeneza wenyewe kila siku. Sukari ipo. Inakosa njia.

Kwa hiyo kagua njia. Chukua koleo la kukatia waya, ukate waya sehemu tatu au nne kuzunguka shina. Kipande kinachotoka kwa urahisi kitoe. Kipande kilichomezwa na gome kiache humo humo, usikivute kwa nguvu, kwa sababu utaondoa na gome jipya ambalo huenda ndilo linaloubeba mti. Kisha chukua kisu kikali, safi, na ukwaruze kidogo tu juu ya gome, mahali pengi, kidole kimoja chini ya waya, kuzunguka shina lote. Gome hai lina rangi ya kijani au nyeupe yenye maji chini ya ngozi. Gome lililokufa ni la kahawia, kavu, au lina harufu ya kuoza. Weka alama ya chaki kwenye kila sehemu hai.

Halafu tazama unene. Shina chini ya waya likiwa jembamba kabisa kuliko juu, na gome lake limetulia bila nyufa mpya za kukua, hiyo ni ishara kwamba hakuna kinachoshuka kwa muda sasa. Lakini mara nyingine uvimbe wa juu humwagika juu ya waya na kuungana na gome la chini, waya ukabaki umezikwa ndani. Kambiamu, yaani zile seli za katikati ya gome na mbao zinazozaa floemu mpya, zikishaungana, njia inafunguka upya. Miti mingi imemeza misumari na waya za uzio na kuishi. Ukikuta hali hiyo kwa angalau nusu ya mzunguko, mti wako una nafasi nzuri, na kazi yako ni kuusaidia tu.

Msaada wenyewe uko hivi. Kama kuna machipukizi yoyote yaliyoota kwenye shina chini ya waya, usiyakate. Najua mkono unawasha kuyakata, maana tumezoea kusafisha shina. Hayo sasa ndiyo majani pekee yenye njia iliyo wazi kwenda kwenye mizizi. Hata matatu au manne yenye afya ni neema. (Kama mti ulibebeshwa, yaani dodo liliunganishwa juu ya mche wa mwembe mwingine, na chipukizi linatoka chini kabisa, chini ya mahali pa kubebeshea, matunda yake baadaye yatakuwa ya mche wa chini wala si dodo. Liache hata hivyo kwa sasa. Utalikata mti ukishapona.)

Msimu ujao, mti ukichanua, ondoa sehemu kubwa ya mashada. Lakini nielewe vizuri hapa, kwa sababu ushauri huu hutolewa ovyo. Kupunguza matunda kunaisaidia mizizi iwapo tu kuna angalau kipande cha gome kilicho wazi. Pete ikiwa imeziba mia kwa mia, sukari utakayookoa kwenye maembe itabaki juu ya waya tu, iongeze uvimbe. Ni sawa na mbolea: kidogo ya samadi iliyooza haina ubaya, lakini mbolea ya dukani kwa wingi kwenye mizizi isiyo na sukari ni fedha iliyomwagwa, na inaweza kuiunguza. Usipogoe majani kwa wingi pia. Kata matawi yaliyokauka, basi. Majani mabichi ndiyo kiwanda.

Na usipake saruji, udongo, rangi wala grisi kwenye jeraha. Jeraha la siku moja au mbili, ambalo bado lina utelezi, hufungwa kwa nailoni lisikauke, na mara nyingine gome jipya huota. Lako ni la miaka. Liache likauke kwa hewa.

Kama umekwaruza kote na hukuona kijani hata mahali pamoja, imebaki kujenga daraja. Kazi hii hufanywa wakati mti unasukuma majani mapya na gome linabanduka kwa urahisi, na kwenu hapo ni mwanzo wa masika. Vikonyo, yaani vijiti hai vya matawi vitakavyounganisha gome la juu na la chini ya jeraha, huchukuliwa kwenye mwembe wenye afya, unene wa penseli au zaidi kidogo, virefu kuliko pengo ili viweze kupinda. Kila kimoja kinachongwa ncha zote mbili, kinachomekwa chini ya gome hai chini ya jeraha na chini ya gome hai juu ya jeraha, kisha kinabanwa kwa misumari midogo na kufungwa nailoni. Ncha iliyokuwa juu kwenye tawi lazima ibaki juu. Ukikigeuza, hata kikishika, hakitakua vizuri. Weka kimoja kila baada ya upana wa kiganja kuzunguka shina.

Ipo njia ya pili, ambayo kwa mwembe naipenda zaidi, kwa sababu mwembe unakubali kuunganishwa na mche ulio hai. Panda miche mitatu au minne ya maembe ya kokwa kuzunguka shina, karibu kabisa. Ikirefuka mpaka kupita juu ya waya, chonga ubavu wa kila mche na kidonda kinacholingana nao juu ya uvimbe, uviunganishe na kuvifunga. Kila mche unakuja na mizizi yake, hivyo mti unapata mizizi mipya badala ya kuifufua ya zamani. Ubaya wake ni muda. Waya wako uko usawa wa kifua, na miche itachukua muda kufika huko. Kama majani yanaendelea kupukutika wakati huu, daraja la vikonyo ndilo la haraka. Waweza kufanya yote mawili. Sitakudanganya kwamba hufaulu kila mara: vikonyo vingine hukauka, na mti ambao mizizi yake imeshaanza kuoza haurudi hata madaraja yakishika.

Sasa mshauri wa tatu, aliyesema ufunge miembe mingine. Hasemi upuuzi. Wakulima wa zabibu za kula huko California huchuna kipete chembamba cha gome, cha milimita chache tu, matunda yakiwa machanga, ili zabibu ziwe kubwa. Lakini pete yao ni nyembamba kiasi kwamba gome huziba lenyewe baada ya wiki chache, na mizizi inarudi kula. Waya haufungi jeraha. Unakaza zaidi kila mwaka. Ukitaka kujaribu kipete, fanya kwenye tawi moja la mti wenye nguvu, usiguse shina kuu kamwe. Na kama shida yako ni mwembe kutochanua, ziko njia zisizojeruhi. Mfilipino Ramon Barba aligundua miaka ya 1970 kwamba kunyunyizia potasiamu naitreti kwenye majani yaliyokomaa huchochea maua ya mwembe, ingawa aina zote za miembe haziitikii sawasawa, na dawa hiyo huhitaji vipimo. Zungumza na bwana shamba kabla hujainunua.

Kuna swali hukuuliza, lakini najua utaliuliza nikikuambia hivi: minazi yako iliyofungwa kamba za nguo je? Mnazi hauna gome la namna hii. Floemu yake imetawanyika katika vifungu vingi ndani ya shina zima, pamoja na zailemu, na shina halinenepi kila mwaka kama la mwembe. Kamba haiukabi hivyo. Mnazi una maradhi yake, na mabaya zaidi ni yale ya vimelea wanaoishi ndani ya floemu yenyewe, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Mbuyu nao ni mti wa peke yake: unachunwa gome kuzunguka lote kwa ajili ya kamba, na unaota jingine. Usitumie mbuyu kupima mwembe.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na unapaswa kumwita afisa ugani wa kata yako aje aone kwa macho. Mwite ukikuta gome limekufa zaidi ya nusu ya mzunguko. Mwite ukiona gundi nyeusi inatoka shinani, au vitundu vyenye unga wa mbao, maana mti dhaifu huvutia wadudu na ukungu ambao hauhusiani tena na waya. Kama hajawahi kujenga daraja, akutafutie mwenye kitalu anayebebesha miembe. Mkono uliozoea kisu unajua zaidi kuliko maelezo yangu. Na kama mti umeegemea nyumba au watoto wanacheza chini yake, usisubiri masika. Shina lililokabwa lina kiuno chembamba chini ya kichwa kizito, na upepo unaweza kulivunja papo hapo kwenye waya. Hapo kupunguza matawi mazito ya upande wa nyumba kunakuja kwanza, hata kama ni majani tunayoyapoteza.

Ukishamaliza kukwaruza, niandikie ni sehemu ngapi za kijani umezipata na ziko upande gani, pamoja na kama kuna machipukizi chini ya waya. Kwa hayo mawili nitaweza kukuambia kama uchonge vikonyo mwanzo wa masika au uusubiri mti ujifunge wenyewe.